Wanaokicheka Kihadza hawaijui nchi yao

Video yenyewe ni fupi. Wanaume wa Kihadza, kabila la wawindaji, wamekaa juu ya mawe karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wananyoosha mishale na kupiga soga kwa lugha yao yenye vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi. Mtu kaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, na punde kundi zima likajaa vicheko. Mmoja akauliza, hiyo nayo ni lugha? Mwingine, mwenye shahada yake, akaandika kwamba serikali iwafundishe Kiswahili waachane na hizo kelele.

Nimekasirika, na hasira haijaisha.

Kiswahili wanakijua. Wahadza wengi wanakiongea, na wapo wanaoongeza Kiisanzu au Kidatoga juu yake. Ama hizo "kelele", zisikilizeni vizuri. Moja hutoka ulimi ukinyonya nyuma ya meno ya mbele, karibu sana na ile sauti tunayotoa tukisikitika. Nyingine hutokea ubavuni mwa ulimi, kama ya mtu anayeswaga punda. Ya tatu, ulimi unabanduka kutoka juu ya kinywa kwa kishindo. Sote tunaziweza. Wenzetu wamezifanya konsonanti za kila siku, kama b na d zetu, kisha wakazipa sura tofauti: nyingine zinapitia puani, nyingine zinakatwa kooni.

Zamani Kihadza kilihesabiwa ukoo mmoja na Kisandawe, lugha nyingine ya Tanzania yenye vidoko, kwa sababu ya sauti hizo. Ushahidi wa udugu huo haukupatikana, na hadi leo hakijulikani kuwa na ndugu popote duniani. Wanaokiongea ni kama watu elfu moja tu. Katika lugha hiyo pundamilia aliye hai ana jina lake, na akishaangushwa kwa mshale ana jina jingine la kutangazia mawindo. Twiga na nyati vivyo hivyo. Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, Wahadza humwita kwa mluzi wao, na Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita kwa mlio wao. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa Uhadzani anaitikia wito wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko wa Kiyao, na yule wa Msumbiji naye anasikiliza zaidi wito wa kwao. Hata ndege amejifunza wito wa majirani zake!

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Kwetu mnadani Mdatoga anamshika dume lake kamba, Mrangi anabishana naye bei, Muasi (yaani Mwalagwa) na Mburunge wako pembeni, na Msandawe ametoka Kwa Mtoro. Hapo pana Kibantu cha Mrangi, Kinailoti cha Mdatoga, Kikushi cha Muasi na Mburunge, na lugha ya Msandawe ambayo haiko katika koo hizo tatu. Ulaya unaweza kusafiri kutoka Ureno hadi Urusi na karibu kila lugha kubwa utakayoisikia ni ya ukoo mmoja. Sisi tunazo koo zote hizo kwenye mnada mmoja, na shuleni sikuwahi kuambiwa. (Wambugu wa Usambara, wenye sarufi ya Kibantu na maneno mengi ya Kikushi, wanastahili makala yao peke yao.)

Najua jibu litakalokuja nikisema lugha hizi zisikike redioni: ukabila. Ndilo jibu linalotolewa kila mara, na ndiyo sababu kanuni zetu za utangazaji zinaitaka redio itumie Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine hadi kibali maalumu. Nakubali kwamba Kiswahili kimetuunganisha, na sitaki kirudi nyuma hata hatua moja. Lakini tuiangalie Rwanda. Redio RTLM ya mwaka 1993 na 1994 ilihubiri mauaji kwa Kinyarwanda, lugha ambayo Mhutu, Mtutsi na Mtwa wote walizaliwa nayo. Wasomali nao wana lugha moja kuu, na lugha hiyo haikuzuia vita. Chuki hutafuta kipaza sauti, na lugha yoyote iliyo karibu inaitosha. Kwa hiyo bibi wa Kisandawe akisikia habari za chanjo ya ng'ombe kwa lugha yake, ni nani hasa anayehatarishwa?

Dharau ndiyo inayoua. Wayaaku wa Laikipia, Kenya, walikuwa wawindaji na warina asali. Majirani Wamaasai waliwadharau kama maskini wasio na ng'ombe, nao katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakahamia kwenye ufugaji na Kimaasai. Kiyaaku kikabaki kwa wazee wachache. Hakuna serikali iliyohitaji kukipiga marufuku.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inasema lugha hizi ni hazina yetu. Basi kanuni za redio zifuate sera. Naomba saa moja tu kwa wiki, Kisandawe kwa ajili ya Farkwa na Kwa Mtoro, Kihadza kwa ajili ya Eyasi, na mtangazaji awe mtu wa hukohuko, alipwe kama watangazaji wengine.