Kombe Wapimwe Kila Mwaka, Si Mara Moja

Kina mama wanaoshuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, hurudi na kitoweo ambacho hakitolewi utumbo. Samaki tunampasua na kutupa matumbo yake, lakini kombe tunamchemsha, tunambandua kwenye ganda na kumla mzima. Alichokimeza yeye tumekimeza na sisi. Ndiyo maana naamini kwamba kombe na chaza wanastahili kuwekwa mbele tunapotaka kujua pwani yetu imebeba plastiki kiasi gani.

Chaza hahami. Hukaa palepale akivuta maji na kuyachuja kwa matamvua yake, na pamoja na chakula hukusanya chembechembe za plastiki zisizofika milimita 5. Mwaka 2008, mwanasayansi Mark Browne na wenzake walionesha kwamba chembe ndogo sana zilizomezwa na chaza weusi wa Ulaya, Mytilus edulis, zilipenya kutoka utumboni hadi kwenye majimaji ya mwili na kubaki humo kwa zaidi ya siku 48. Wazo la kumfanya mnyama huyu mlinzi wa pwani ni la zamani zaidi: mwanasayansi wa bahari Edward Goldberg alilipendekeza mwaka 1975, na tangu mwaka 1986 Marekani ina mpango wa kudumu wa kuwapima chaza wa pwani zake, ambao ulianza na sumu kama madini mazito na viuatilifu.

Neno ninalolisisitiza ni "kudumu". Tanzania haianzi gizani, kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mchanga wa fukwe na kombe aina ya Anadara antiquata, ukakuta mchanga wa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, umechafuka kuliko sehemu nyingine zote zilizochunguzwa. Ni kazi nzuri, ila kipimo cha mara moja hakiwezi kutuambia kama marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 imepunguza chochote baharini.

Ipo hoja nzito dhidi ya msimamo wangu, nami siipuuzi. Mwaka 2019, mtafiti Evan Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walionesha kwamba chaza huchagua: chembe kubwa huzitema kabla hazijafika tumboni, na nyingi kati ya zile anazozimeza huzitoa upesi. Kwa hiyo idadi inayopatikana mwilini mwake si picha kamili ya plastiki iliyomo majini. Nakubali. Lakini kwangu hoja hiyo inadai mchanga na maji vipimwe sambamba naye, haidai aachwe, kwa sababu hakuna kipimo cha maji kitakachotueleza kilichomo kwenye sahani zetu.

Kazi yenyewe inahitaji uangalifu mkubwa. Nyama huyeyushwa kwa potasiamu haidroksaidi, mabaki huchujwa na kutazamwa kwa darubini, kisha aina ya plastiki huthibitishwa kwa mashine. Na uzi mmoja uliopeperuka kutoka kwenye nguo ya mpimaji unatosha kupotosha hesabu. Hayo ni ya maabara. Kuokota sampuli, kila bamvua la msimu uleule na kwenye fungu lilelile la mchanga, wakabidhiwe kina mama wanaoyajua mafungu hayo, walipwe kwa kazi hiyo, na majibu yarudishwe kwao kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa kwingine.