Feiza yenye nobu moja haijapungukiwa

Mpiga gitaa akiuliza wenzake anunue feiza gani ndogo (pedali inayofanya sauti ya gitaa isikike ikizunguka) ya kuweka chini ya mguu, mara nyingi hujibiwa kwa swali: utoe hela yote hiyo kwa kisanduku chenye nobu moja? Kinachosemwa hapo karibu kila mara ni MXR Phase 90, kile kisanduku cha rangi ya chungwa chenye swichi ya kukanyaga na nobu moja iliyoandikwa Speed. Ukiongeza hela kidogo unapata Boss PH-3 yenye nobu nne. Ukiingia kwenye mitumba unapata multi-effects yenye feiza kadhaa ndani yake, pamoja na delei, koras na hata tuna ya kulinganisha nyuzi. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu anunue kitu kinachofanya jambo moja?

Hoja hiyo si ya kupuuza. Bendi nyingi siku hizi hupiga juu ya biti iliyorekodiwa, na biti haimsubiri mtu. Feiza isiyo na njia ya kuwekewa tempo itazunguka kwa mwendo wake huku wimbo ukienda na wake, na kwenye mtindo ambao kila kitu kimepangwa kwenye gridi, hilo linasikika kama kosa. PH-3 inakubali kugongewa tempo, yaani unaigonga kwa mguu ikafuata mwendo wa wimbo. Ina pia modi ambazo sauti inapanda tu bila kushuka, au inashuka tu bila kupanda, na nyingine inayoruka kwa vipande; saketi za kawaida za miaka ya 1970 hazina modi hizo. Kanisani nako, ambako mpiga gitaa mmoja anatakiwa kujaza nafasi ya kinanda, feiza nzito yenye mrejesho mwingi (sauti inayorudishwa nyuma ili ipite tena) inafanya kodi moja ndefu, yaani noti kadhaa zilizopigwa pamoja, ionekane inaishi. Anayehitaji vitu hivi anavihitaji kweli, wala si tamaa ya vitufe.

Shida yangu ni kipimo kinachotumika. Watu wanahesabu nobu na modi, wakati gitaa linajali kitu kingine kabisa, nacho ni mahali mashimo yanapoangukia.

Feiza inaigawa sauti mara mbili. Sehemu moja inapita ilivyo, nyingine inapitishwa kwenye hatua kadhaa zinazoisogeza nyuma kidogo, kila masafa (kasi ya mtetemo wa sauti) kwa kiasi chake. Zikichanganywa tena, kuna masafa ambayo mawimbi yake yanapingana na kufutana, na hapo panabaki shimo. Saketi ndogo ya ndani inayapandisha na kuyashusha mashimo hayo, na ndiyo ile sauti ya kuzunguka tunayoijua. Kila hatua mbili zinazaa shimo moja. Phase 90 ina hatua nne, yaani mashimo mawili. Kwenye PH-3 unachagua hatua 4, 8, 10 au 12, kwa hiyo unaweza kufika mashimo sita.

Sita ni zaidi ya mawili, na dukani hesabu huishia hapo. Kwenye shingo ya gitaa ndipo inapoanza.

Saketi yenye hatua nne zilizo sawa huweka shimo la kwanza kwenye 0.41 ya masafa ya katikati, na la pili kwenye 2.41. Moja ni karibu mara 5.8 ya jingine, umbali unaozidi oktavu mbili na nusu. Zungusha Speed unavyotaka. Mashimo yatapanda na kushuka pamoja, lakini umbali huo kati yao hauguswi. Tuseme katikati iko 500 Hz. Shimo moja litakuwa karibu na 207 Hz na jingine karibu na 1,207 Hz. Sasa tazama gitaa lenyewe. Waya wa kwanza ukipigwa wazi unatoa kama 330 Hz, na ukibanwa freti ya 12 unatoa 659. Yaani eneo ambalo mpiga solo anafanyia kazi zake nyingi limeachwa zima, katikati ya mashimo mawili yaliyo mbalimbali. Melodi inapita, na mzunguko unasikika pembeni yake.

Weka hatua 12 kwa hesabu hiyohiyo, katikati ileile ya 500 Hz. Mashimo yanakaa karibu na 66, 207, 384, 652, 1,207 na 3,798. Mawili ya katikati, 384 na 652, yameangukia ndani ya lile eneo la solo lililokuwa limeachwa zima, na hayajaachana hata oktavu moja. Lile la 652 limekaa karibu kabisa juu ya ile noti ya freti ya 12.

Mtu makini atasema mashimo hayatulii mahali pamoja, na kwamba noti ya gitaa haina masafa ya msingi tu, ina mengine juu yake yanayoibeba. Ni kweli, na ndiyo maana feiza ya hatua 12 haizimi noti moja kwa moja. Ukipiga kodi ndefu ikaachwa ining'inie, mashimo sita yakipita juu yake ni raha tupu. Sauti inajikunja kama hariri. Lakini sisi wengi hatupigi kodi za kuning'inia. Chukua sebene kwa tempo ya 130, solo inakwenda kwa noti nne ndani ya kila pigo. Hizo ni noti zaidi ya nane kwa sekunde. Kila noti inaishi muda mfupi kuliko mzunguko wa feiza, kwa hiyo inalikuta shimo palepale lilipo na haipati nafasi ya kulisubiri lipite. Mashimo yakiwa mengi na yamekaribiana, noti moja inazama, inayofuata inaruka, ya tatu inazama tena, na ule usawa wa vidole ulioutafuta kwa miaka unasikika kama mkono wa mtu anayejifunza. Fundi mitambo atakuongezea sauti, na noti zilizokuwa zinaruka zitaruka zaidi.

Kwa mashimo mawili ajali hiyo ipo, ila ni ya nadra. Ndiyo maana nasema anayeinunua Phase 90 hanunui upungufu. Ameuziwa uamuzi ambao mafundi wa MXR kule Rochester, New York, walishaufanya kwa ajili ya gitaa, na uamuzi huo ni mzuri.

Hata ndani ya nobu hiyo moja kuna mgogoro wa zamani unaostahili kueleweka kabla ya kutoa hela. Phase 90 za mwanzo, ambazo jina lake limeandikwa kwa herufi za mwandiko, hazikuwa na mrejesho. Zilizofuata, zenye herufi nene za kuchapa, ziliongezewa rezista moja inayorudisha sehemu ya sauti nyuma ili ipite tena. Rezista moja tu, lakini matokeo yake si madogo. Kilele kilicho kati ya mashimo kinachongoka, sauti inapata ukali wa katikati, na wengi wanalalamika kwamba ukikanyaga pedali gitaa linapanda juu ya bendi. Kwa roki yenye distoshini (sauti iliyochafuliwa kwa makusudi), ukali huo ni mtamu. Kwa gitaa safi la dansi au rumba, linalotakiwa kukaa ndani ya magitaa mengine mawili bila kusukumana, mimi nachagua toleo lisilo na rezista hiyo bila kusita. Kuna mafundi wanaoikata na kuendelea na shughuli zao.

Wanaosema kisanduku hiki hakina cha kurekebisha wanasahau kwamba gitaa lina mnyororo mzima. Ukiweka feiza kabla ya distoshini, mashimo yanajazwa na masafa mapya yanayozaliwa na distoshini, na mzunguko unakuwa laini, kama rangi tu juu ya noti. Mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen aliipitisha Phase 90 mbele ya amplifaya iliyokuwa tayari inaunguruma, na albamu ya kwanza ya bendi yake, ya 1978, imejaa sauti hiyo. Ukiihamishia baada ya distoshini, inakata kwa nguvu na kila mtu ukumbini anajua umekanyaga kitu. Ukibadili pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) kutoka ya daraja kwenda ya shingo, sehemu kubwa ya yale ambayo shimo la juu lingeyakata inakuwa haipo tena, na mzunguko unafifia. Nobu ni moja, ila sauti zilizomo ni nyingi kuliko inavyoonekana kwenye picha ya dukani.

Mpinzani wake wa siku nyingi, Small Stone ya Electro-Harmonix, naye ana nobu moja, ya kasi, na swichi inayoitwa Color. Aliibuni David Cockerell, na saketi yake ni ya aina nyingine kabisa. Mwanamuziki wa vinanda vya umeme Jean-Michel Jarre aliipitishia sauti za nyuzi za kinanda na kupata yale mawimbi yake mapana. Ukiwasha Color inazama zaidi kuliko Phase 90 inavyoweza. Kwa maoni yangu ni feiza bora kwa kinanda na kwa kodi za taratibu, na toleo lake dogo la sasa halichukui nafasi kubwa kwenye ubao wa kupangia pedali. Kwenye solo ya haraka inanichosha.

Kwa anayetaka udogo hasa, MXR wanatengeneza Phase 95. Ndani ya kisanduku chembamba wameweka Phase 90 na Phase 45, ile ya hatua mbili na shimo moja, pamoja na kitufe cha kuchagua kati ya sauti ya mwandiko na ile yenye mrejesho. Nobu bado ni moja. Hii inajibu karibu kila lawama ya haki dhidi ya Phase 90, na nashangaa haitajwi inavyostahili. Udogo nao una gharama zake: haina nafasi ya betri, kwa hiyo bila adapta ya volti 9 yenye hasi katikati huna pedali. Na kwa wepesi wake, isipofungwa vizuri kwenye ubao, waya mzito unaigeuza ubavuni katikati ya wimbo.

Anayenunua ya mtumba aikague kwanza. Phase 90 inategemea transista nne zilizolinganishwa zikae sawa, na ndani kuna kitrima kidogo kinachoziweka mahali pake. Mtu akikigusa kwa bisibisi bila kujua, mzunguko unafifia upande mmoja au unatoweka kabisa, na pedali inauzwa kwa bei ya kutupa kama mbovu. Jaribu hivi: weka Speed chini, piga kodi moja ya E na uiache. Kama sauti inapanda vizuri halafu inakaa kimya muda mrefu kabla ya kushuka, au husikii chochote kikizunguka, huenda ni kitrima tu, na fundi mzuri atakirudisha kwa sikio. Matoleo ya miaka ya 1970 hayana taa ya kuonyesha kama imewaka wala tundu la adapta, kwa hiyo bei ya juu wanayoitaja ni ya historia zaidi kuliko ya urahisi wa kazi.

Hiyo multi-effects ya mtumba nayo ina nafasi yake kwa anayejifunza, au kwa anayetaka kujua kama anaipenda feiza kabla ya kuinunua. Jukwaani tatizo lake ni la mguu: feiza imo ndani ya pachi (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa), na ukitaka kuongeza kasi kidogo katikati ya wimbo, unainama kwenye menyu huku mwimbaji akikutazama. Nobu kubwa ya Phase 90 inasukumwa kwa ncha ya kiatu bila kuacha kupiga. Wapo wanaoiona hoja hii ndogo. Naamini hawajapiga harusi inayokwenda mpaka alfajiri.

Kwa mpiga solo na mpiga rhythm anayecheza na watu, gitaa safi au lililochafuliwa kidogo, hukumu yangu ni Phase 95 kwanza, na Phase 90 ya mwandiko kama nafasi na hela vipo. Anayeishi juu ya biti iliyorekodiwa, anayehitaji tempo igongwe na ikae, au anayepiga mapana ya ibada kwa kodi nne kwa dakika kumi, achukue PH-3 bila kuona haya. Na akishaifungua kwenye boksi, nobu ya Stage, ile ya kuchagua hatua, aianzishe kwenye 4.