Kifaransa Kigoma: mdomo haukihitaji, karatasi inakitaka

Simama Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, asubuhi boti zinaposhusha watu. Utasikia Kiswahili chetu, utasikia Kiswahili cha Kongo cha wale wanaosema "batu" badala ya "watu", na pembeni akina mama wa Buhigwe wanapatana bei kwa Kiha na Warundi bila mkalimani. Kifaransa hukisikii. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili anapoambiwa asome Kifaransa kwa sababu "tumepakana na nchi za Kifaransa", anaangalia soko analolijua na kuona kuwa mwalimu anamwambia jambo ambalo masikio yake hayajawahi kulisikia.

Naanzia hapo kwa sababu wanaoacha somo hili huitwa wavivu, na si kweli. Wanapiga hesabu. Divisheni ya kidato cha nne hutokana na masomo saba mtu aliyofanya vizuri zaidi. Mwanafunzi tayari ana rundo la masomo ya lazima, kama hisabati, Kiingereza na Kiswahili. Akienda sayansi, fizikia na kemia zinaingia. Kifaransa kinakuja baada ya hayo yote, nacho kinaanza sifuri kidato cha kwanza, wakati Kiingereza amekianza shule ya msingi. Jioni ana saa mbili za kusoma, baada ya maji na kupika. Ukimtaka azigawe, lazima umwambie ni somo gani lipunguziwe.

Tena kuna suala la mwalimu. Mahali pengi somo hili linamtegemea mtu mmoja. Akihama, limehama naye, na waliokuwa wamefika kidato cha tatu wanabaki na madaftari. Mzazi aliyeliona hilo kwa mtoto wa kwanza hatamruhusu wa pili ajaribu.

Mimi mwenyewe nililiacha kidato cha tatu, kwa hesabu hiyohiyo. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nikimsaidia shangazi yangu, ambaye anauza dagaa wakavu kwa mteja wa Lubumbashi kupitia Kalemie, bandari ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wameelewana kwa simu, kwa Kiswahili safi, bei kwa kilo. Ulipofika mzigo wa makatoni 60, mteja alituma hela na picha ya karatasi ya upande wa kule. Safu mbili za namba: *poids brut* 1,260, *poids net* 1,200. Shangazi aliona 1,260, akaona amelipwa kilo 1,200, akasema ameibiwa kilo 60. Alikuwa tayari kumpigia yule mtu amtukane.

Nilijua herufi zote za yale maneno, na maana sikuwa nayo. Tulimpelekea kijana Mkongo aliyesomea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ambako watoto wa Kongo wamefundishwa kwa mtaala wa kwao. Alisoma mara moja: ile kubwa ni uzito pamoja na katoni, ile ndogo ni dagaa peke yake. Kila katoni kilo moja. Hakuna aliyeibiwa. Urafiki wa biashara wa miaka ulikuwa umening'inia kwenye maneno mawili.

Ndiyo maana nasema hoja ya ujirani ni ya kweli, ila huwa inaelezwa vibaya. Mdomo wa ziwa hili ni Kiswahili na Kiha. Karatasi yake ng'ambo ni Kifaransa. Kongo ina lugha nne za taifa na Kiswahili ni mojawapo, lakini lugha rasmi ni Kifaransa: hati ya forodha, barua ya mahakama, cheti cha shule. Mizigo ya Kongo haijaanza jana kupita hapa. Reli ilifika Kigoma 1914, na kwa mkataba wa 1921 Wabelgiji walipata eneo lao bandarini. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007 na Kongo 2022, na reli ya SGR ya Tabora hadi Kigoma ikikamilika, karatasi hizo zitaongezeka.

Anayepinga ana hoja nzito pia, na siwezi kuiruka. Rwanda ilihamisha ufundishaji wake kwenda Kiingereza mwaka 2008. Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi 2014, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Umoja wa Afrika umekipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi, 2022. Kijana anaweza kuuliza: mnanifundisha lugha ambayo majirani wenyewe wanaipunguza? Kwa Rwanda ana haki. Kwa Kongo, nchi kubwa mara nyingi kuliko hizo mbili na ndiyo inayokula dagaa wetu, sioni dalili hiyo.

Wapo wanaotaka Kichina, kwa kuwa wakandarasi wa reli ni Wachina. Siwalaumu. Ila kazi ya mkandarasi ina mwisho wake, na Kalemie itabaki ng'ambo ya ziwa.

Kinachonikera zaidi ni namna tulivyofundishwa. Nakumbuka mazungumzo ya kukata tiketi ya treni ya chini ya ardhi Paris, tukiyakariri mistari yote, sisi ambao wengine hata Tabora hatujafika. Muda wote huo, na hakuna siku niliyowekewa mbele ankara, hati ya mizigo wala tangazo la boti. Ungenipa *brut* na *net* kidato cha kwanza, ningekwenda nyumbani nikamsomea shangazi jioni ileile, na yeye ndiye angenizuia nisiliache. Mzazi wa Kigoma hatoi pesa ya daftari kwa ajili ya Paris. Kwa mzigo wake atatoa. Kwa wanaokwenda na watalii hifadhi ya Gombe, au kazi za mashirika kambini, mambo ni hayohayo: kila mmoja anahitaji kipande chake cha lugha, na somo linawapa wote kipande ambacho hakuna aliyekiomba.

Hata hivyo mtihani ni mtihani, na siwezi kumwambia mtoto wa mtu asiijali divisheni yake.

Binti wa shangazi yuko kidato cha pili, Januari anachagua. Nilimkuta juzi amenakili ile karatasi ya dagaa nyuma ya daftari lake, maneno yote, na mbele ya kila moja maana yake kwa Kiswahili: mtumaji, mpokeaji, uzito. Mawili alikuwa hajayapata, akaniuliza, nami sikuyajua. Bado hajaamua. Anasema hisabati inamla muda.