Mkeka Mrefu Unamlipa Nani?

Wanaopenda mikeka mirefu, yaani kubeti dau moja kwenye mechi nyingi ambazo lazima upatie zote ndipo ulipwe, wana hoja, na si ya kupuuzwa. Dau dogo kwenye mechi moja halileti cha maana. Dau lile lile likibebwa na timu kumi linaweza kurudi mara mia kadhaa, na likipotea, limepotea dogo. Anayebeti kidogo ili mechi zimnogee, kwa hela isiyo na kazi nyingine, sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na hesabu iliyojificha ndani ya mkeka. Chukua mechi yenye matokeo mawili yenye nafasi sawa kabisa. Odi ya haki, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ni 2.00, lakini kampuni ya kubeti inatoa, tuseme, 1.90. Hapo imeshajikatia asilimia 5. Unganisha mechi kumi za namna hiyo, zisizohusiana, na odi zinazidishana hadi kama 613, namba ya kumpandisha mtu mzuka. Ila nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024. Kila timu uliyoongeza imekatwa upya, na makato yamefika karibu asilimia 40. Hata bonasi ya mkeka mrefu isikulevye: hapa ingebidi iwe asilimia 67 hivi ndipo mtoke sare.

"Mimi naweka timu za uhakika tu," wengi hujibu. Sawa, tuseme timu kumi, kila moja ina nafasi ya asilimia 80. Zote kushinda ni kama asilimia 11. Tisa kushinda na moja kuharibu ni kama asilimia 27. Yaani kuchaniwa mkeka na timu moja hutokea zaidi ya mara mbili ya kushinda, na hapa ndipo watu wanapoumia kweli. Mtu anatazama alama tisa za kijani na moja nyekundu, anaamini amekaribia, kesho anapandisha dau. Hajakaribia popote, mkeka wa kesho unaanza na asilimia 11 zile zile.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni hii: kama unazisoma mechi kuliko kampuni, ubora wako nao unazidishwa. Kihesabu ni kweli. Lakini mwenye ubora huo hupata faida hata kwa mechi mojamoja, na kuujua ni kuandika kila dau na kila kilichorudi, kwa miezi. Ambaye daftari lake linaonyesha hasara kwenye mechi mojamoja, kuziunganisha kunaikuza hasara hiyo kwa kila timu anayoongeza.