Tafadhali Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Ukifundisha uandishi na fasihi mwaka wa kwanza, unapokea wanafunzi wa makundi mawili: wanaoandika insha kama barua ya kuomba kazi, na wanaoandika barua ya kuomba kazi kama shairi. Muhula ule ukumbi wangu ulijaa makundi yote mawili. Tena ndio kwanza tumemaliza tamathali za semi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na chuku mdomoni, anatafuta pa kuitemea.

Nikawapa zoezi la barua rasmi: mwandikieni mkuu wa idara, mkimlalamikia mhadhiri wa kubuni. Anwani mbili, tarehe, mtajo, kichwa, kiini, tamati, saini. Nikasisitiza anwani ya mwandikiwa iwe ya kweli, maana kuna aliyewahi kuniandikia "S.L.P. nimesahau". Na mhusika wenu, nikaongeza, mchoreni kwa kuchunguza watu mnaowaona kila siku. Msibuni hewani.

Kiongozi wa darasa alikuwa kijana mtiifu kupita kiasi, wale wanaonukuu hata kikohozi cha mhadhiri. Nilimwambia azikusanye barua zote azipeleke. Mimi nilimaanisha ofisini kwangu. Yeye alisoma anwani.

Masjala wakazipokea. Karani, mama mmoja asiyecheka na mtu, alizigonga muhuri wa IMEPOKELEWA moja baada ya nyingine, akazisajili, akafungua jalada jipya. Jina langu halikuwemo kwenye barua hata moja. Aliniandika yeye juu ya jalada, kwa maelezo ya muonekano tu.

Mkuu wa idara akaniita. Jalada lilikuwa mezani, nene kama godoro.

"Profesa, hilo ni zoezi. Mhusika ni wa kubuni."

"Ana kipara?"

"Wahusika wengi wana kipara."

"Na koti la kijani lililobaki na kifungo kimoja?"

Nikakifunika kifungo kwa kiganja.

Akaanza kunisomea. Mmoja alifungua na "hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali", na mkuu wa idara yuko ghorofa hiyo hiyo. Mwingine alilalamika kwa tarbia kamili, na kila ubeti ukafungwa na kibwagizo: "Mhadhiri kachelewa, na sisi tunasinzia." Mkuu alihesabu mizani kwa vidole. Zilitimia 16. Wa tatu alidai kwamba mhadhiri huyu huchelewa hadi waliokaa kumsubiri wakiwa wavulana huondoka na ndevu. Hapo mkuu akacheka, kisha akakumbuka kuwa ni kikao cha nidhamu, akakohoa.

Alinielewa, namshukuru. Ila barua ikishagongwa muhuri ni mali ya ofisi, haitoki masjala, na mimi nilihitaji alama za tathmini endelevu. Ikabidi nikae kwenye kistuli kando ya kabati, nisahihishe jalada la mashtaka yangu mwenyewe. Tena kwa penseli, kwa sababu kalamu nyekundu hairuhusiwi kwenye nyaraka rasmi. Wenzangu walikuwa na shughuli nyingi mno masjala wiki ile. Kila mmoja alipita, akachungulia, akaondoka bila kuchukua kitu.

Nilikata "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" mpaka penseli ikaisha ncha. Barua mbili zilifanana neno kwa neno hadi saini: mwizi alinakili na jina la aliyeibiwa.

Nilipojumlisha, barua zilizidi wanafunzi kwa moja.

Hiyo ya ziada ilikuwa safi. Anwani zote mahali pake, kichwa kimepigiwa mstari, hoja moja kila aya, hakuna chuku wala hofu na mashaka. Ilimlalamikia mhadhiri anayeleta mitihani ichapwe jioni, watu wameshabeba mikoba yao, na aliyeazima stepla ya ofisi muhula uliopita akaisahau kuwa si yake. Saini haikusomeka. Nikatafuta pa kukata alama, nikakosa.

Karani hakuinua kichwa. Aligonga muhuri kwenye barua ya mtu mwingine, akauliza:

"Hiyo ya chini kabisa imepata ngapi, Dokta?"

"Zote, mama."

"Na stepla?"