Simba Kakatwa Kucha na Mimi Ni Yanga

Jamani, mbwa wa mtaani anakatwa kucha na nani? Nauliza tu. Pita Manzese, pita Tandika, simama stendi yoyote saa sita usiku, utawakuta wamejikunja kando ya lami, wameshiba mifupa ya mama lishe, kucha fupi, zimekaa sawa. Hawana saluni, hawana daktari, hakuna anayewabembeleza watoe mguu. Anatoka jalalani kwenda gengeni, gengeni kwenda kwa muuza mishkaki, na lami yenyewe inamsugua bure mchana na usiku. Wa kwangu mimi, aliyezaliwa na hao hao akaletwa nyumbani ndani ya boksi la viatu, yeye anataka mashine.

Na anaitwa Simba. Sikumpa mimi hilo jina. Mimi ni Yanga, baba yangu ni Yanga, na ukoo wetu ukifa leo utazikwa na kijani. Watoto walimpa jina nikiwa kazini, narudi jioni mbwa ameshaanza kuitika. Na mbwa akishaitika basi tena, hakuna dirisha dogo la usajili la kumbadilisha.

Tulipokuwa Mbagala alilala nje na hakuna aliyejua kama ana kucha. Tulipohamia Goba ndipo mambo yalipoharibika. Nyumba ya kupanga, tailizi kuanzia barazani mpaka chooni, uani nyasi laini. Nyasi hazisugui kitu. Tailizi zinateleza. Watoto wakaamua mbwa analala sebuleni, mlipa kodi sikuulizwa. Ikifika usiku, nimejilalia zangu, nasikia huko tka, tka, tka, tka. Mara ya kwanza nilichukua panga. Mtu mzima nimesimama koridoni na bukta, namvizia mwizi aliyekuja na viatu vya visigino. Kumbe Simba anakwenda kunywa maji.

Mwenye nyumba alipofuata kodi yake, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hela hakuzihesabu. Aliinama mlangoni, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo, mmoja baada ya mwingine, huku anaguna.

“Baba Neema, huu mlango ni mninga.”

“Naujua, mzee.”

“Mninga,” akarudia, akaondoka.

Nikamwita bwana mifugo. Akaja na pikipiki, akamtazama Simba anavyosimama, akasema ukucha ukirefuka ndio unaotangulia kugusa chini, unakisukuma kidole nyuma, mbwa anabadilisha namna ya kusimama, na mwisho wake viungo vinaanza kumuuma. Viungo vyangu mimi vinauma tangu mwaka juzi na hakuna aliyekuja na pikipiki. Akaendelea. Mbwa wako ana kucha 18: tano kila mguu wa mbele, nne kila mguu wa nyuma. Wengine wana za ziada hata nyuma, huyu hana, mshukuru Mungu. Ile ya tano ya mbele iko juu kwa ndani, haigusi ardhi, kwa hiyo haisuguliki hata angeishi Manzese maisha yake yote. Ukiisahau inajipinda mpaka inarudi kuchoma nyama. Na ndani ya kila ukucha kuna nyama hai, ina damu na ina maumivu. Ukucha ukiachwa urefuke, nyama nayo inaufuata. Ukiupunguza kidogo kidogo, kila wiki mbili hivi, ile nyama inarudi nyuma yenyewe taratibu.

Kila wiki mbili! Mimi mwenyewe ndevu nanyoa nikisikia kuna kikao.

Shemeji yangu, kaka yake mama Neema, akasema hiyo kazi ndogo. Shemeji kila kazi kwake ndogo, ndiyo maana hana hata moja. Akaazima mkasi wa kucha za mbwa sijui kwa nani, akaja nao ameuweka mfuko wa nyuma. Sasa ukucha mweupe unaona ile nyama kwa ndani, ina wekundu wa mbali, unajua mpaka uko wapi. Za Simba ni nyeusi tii. Shemeji akakata kwa imani. Mbwa alipiga ukelele majirani wakatoka na vijiko mkononi. Damu yenyewe si nyingi, lakini haikai mahali pamoja: Simba aliitembeza sebuleni, akaipeleka jikoni, akapanda nayo kochi, akashuka, akapanda tena. Kuna unga maalumu wa kukaushia, unauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Sisi tulikuwa na unga wa chapati. Ulifanya kazi, siwezi kuusema vibaya, ukiushindilia kwenye ncha na kubana dakika chache damu inakata. Ila chapati Jumapili hiyo tuliisikia kwa jirani. Na tangu siku ile Simba akimwona shemeji getini anaingia chini ya meza. Ndilo jambo pekee ambalo mimi na huyu mbwa tunakubaliana.

Nikamjaribu kijana wa rangi za kucha, wale wanaopita na kikapu mtaa kwa mtaa, wanaosugua miguu ya dada zetu barazani. Nikamwambia kuna mteja ndani, kucha 18, sipunguzi bei hata mia. Macho yakamng'aa. Akaingia, akamkuta mteja amejinyoosha, anapiga miayo.

“Kaka, nina udhu,” akasema kwa heshima, akabeba kikapu chake.

Hapo nibishe nini? Ila alipofika getini akageuka kuuliza kama mama yupo.

Basi ikabaki mashine. Ni kigrenda kidogo cha mkononi, mbele kina kirungu kilichovishwa msasa, ukiwasha kinazunguka. Wachongaji wanacho, wa saluni za kucha wana ndugu yake. Albert Dremel alipoanzisha kampuni yake ya vitu hivi mwaka 1932 huko Racine, Wisconsin, sidhani kama aliwahi kuiota sebule yangu. Zipo zinazofika mizunguko 35,000 kwa dakika, na muuzaji wa Kariakoo alinisifia hapo hapo: “Bosi, hii hata chuma inakula.” Nikamwambia nataka ya kucha. Akanitazama vidole. Nikamwambia za mbwa. Akaita wenzake waje kunitazama.

Halafu unafika nyumbani unaambiwa huwezi kununua leo ukasaga leo. Lazima mbwa azoeshwe. Kwanza mashine inalala sakafuni imezimwa, anainusa, anapewa kitu kitamu. Halafu inawashwa chumba cha pili, anapewa. Inasogezwa karibu, anapewa. Inagusa ukucha mmoja tu, anapewa, mnaachana kwa amani mpaka kesho. Sikio la mbwa si la kuchezea: sisi sauti nyembamba zinatuishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, yeye anapita 40,000, kwa hiyo kile kinachonililia mimi kama mashine ya daktari wa meno, masikioni kwake sijui kinalia nini. Sawa. Nimeelewa na nimemhurumia. Ugomvi wangu ni hicho kitu kitamu, maana Neema aliamua ni firigisi.

Firigisi! Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Tangu enzi za babu wa babu, kuku akichinjwa firigisi ni ya baba. Hata nikichelewa foleni ya Mbezi inafunikwa na kisahani mpaka nifike. Sasa nafika, kisahani kile kile changu, firigisi imekatwakatwa vipande vyembamba, na mgawaji ndiye mimi. Ukucha mmoja, kipande kimoja. Nashika mguu, yeye anatafuna huku ananitazama machoni bila hata kupepesa. Kuku mmoja akawa hatoshi, zikaanza kununuliwa firigisi za kupima, nusu kilo. Na kwenye bakuli langu la mchuzi bado nakuta shingo.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Hushiki mguu mzima ukaubana, unashika kidole kimoja, unakituliza kati ya gumba na shahada. Namba ya chini kabisa. Msasa unagusa sekunde moja, mbili, unatoa, unarudi, kwa sababu ukiung'ang'aniza hapo unapata moto, na mbwa akishaunguzwa mara moja hakusahau. Mwanzoni ncha inatoa vumbi kavu, jeupe. Unasaga kidogo, unapuliza, unachungulia. Unasaga tena. Ghafla katikati ya ukucha kinajitokeza kidoa cheusi chenye unyevunyevu, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Hapo ndipo mwisho wa safari, nyama iko mlangoni. Ukitaka kumnyamazisha shemeji, mwonyeshe kile kidoa. Harufu ya ukucha unaosagwa ni ya nywele zilizoungua, na lile vumbi linaingia puani, linakaa kwenye nyusi, linatua kwenye chai uliyosahau kuifunika. Ndiyo maana navaa barakoa, na miwani nimeazima kwa fundi wa mageti.

Mama Neema ndiye mshika kichwa. Siku hiyo ametoka saluni, amesuka rasta ndefu mpaka kiunoni, bei sikutajiwa na mimi sikuitafuta. Wenye mbwa wa manyoya marefu huwavisha soksi ya nailoni mguuni, kucha zinatoboa zinatoka nje, manyoya yanabaki ndani, maana kirungu kikikamata unywele mmoja kinavuta na wenzake. Simba manyoya yake mafupi, hakuhitaji soksi. Aliyehitaji ni mshika kichwa. Akainama kumnong'oneza mbwa “pole baba, pole baba”, rasta moja ikaning'inia, ikagusa msasa, na kabla kidole changu hakijafika kwenye swichi ilikuwa imeshajizungusha mpaka karibu na sikio. Rasta ni plastiki, ndugu zangu, ikipata joto inayeyuka. Mashine iliguna, ikasimama, imeshiba. Tulimwokoa kwa mkasi ule ule wa shemeji. Simba akatumia fursa hiyo kumaliza kisahani chote, miguu miwili ikiwa haijaguswa.

Nikaambiwa nina deni la saluni. Nikaambiwa pia, kwa ile sauti ya chini ambayo kila mwenye ndoa anaijua, kwamba mbwa anashikwa mguu humu ndani kila mara, na kuna watu kucha zao zimevunjika na hakuna aliyeuliza.

Raha niliyokuwa nayo ilikuwa moja. Jirani yangu ni Simba wa kutupwa, bendera nyekundu juu ya paa, na mashine anaisikia kupitia ukuta. Wiki ile dabi ya Kariakoo ilikuwa inanukia.

“Jirani, unafanya nini huko?”

“Namkata Simba kucha!”

Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi wasikie mpaka nyumba ya tatu. Jamaa akapanda kwenye tofali, akachungulia juu ya ukuta, akanitazama vizuri.

“Naona Yanga imepiga magoti, imeshika mguu wa Simba, inalisha na firigisi.”

Nikatafuta jibu. Nilikuwa nimepiga magoti kweli.

Katikati ya haya yote, mzee wangu akaja kutoka Singida kutazamwa macho. Kule kwetu majabali yametoka juu ya ardhi, mbwa wa mzee wanashinda na mbuzi wakipanda na kushuka mawe tangu alfajiri, kucha zao zinasagwa na Mungu mwenyewe. Basi lake likawahi kuliko tulivyotarajia. Geti liko wazi. Akanikuta barazani na barakoa, miwani ya fundi, taa kichwani, mguu wa mbwa kiganjani, Neema pembeni na kisahani.

“Shikamoo, baba.”

Hakuitika. Aliweka begi chini kwanza, akakisogelea kisahani, akainama.

“Hii ni firigisi?”

“Ndiyo, baba.”

“Ya nani?”

Mimi nikanyamaza. Neema akajibu, “Ya Simba, babu.”

Mzee akavuta kigoda, akakaa. Akamtazama mbwa kuanzia pua mpaka mkia.

“Marahaba. Kwani huyu anaolewa lini?”

Nikamweleza yote. Nyama hai, viungo, kidole kusukumwa nyuma, ukucha wa tano usiogusa ardhi. Alisikiliza anatikisa kichwa, si kwa kukubali. Halafu, kwa kuwa macho ndiyo yaliyomleta mjini, akasogeza uso karibu kabisa na mguu wa Simba, akataka kukiona kile kidoa. Nikasaga, nikapuliza, kikatokea.

“Hapo ndipo unaacha?”

“Hapo naacha.”

“Na hajalia.”

“Hajalia, baba.”

Mzee akakaa kimya, anasugua kidevu. Akafungua kamba za kiatu, akavua, akavua na soksi. Jamani. Ukucha wa kidole gumba cha baba yangu ni mnene, wa manjano, umepinda kuelekea kwa jirani yake, una mistari ya miaka. Mama amewahi kuujaribu kwa wembe ukavunjika wembe.

“Hii mashine ina namba ngapi?”

“Tano.”

“Mbwa umemwekea ngapi?”

“Moja.”

“Mimi weka tatu.”

“Lakini baba, huu msasa ni wa Simba.”

Akaunyoosha mguu, akaulaza juu ya paja langu, akapokea kisahani mikononi mwa Neema.

“Badilisha msasa,” akasema, akatia firigisi mdomoni.