Sikuilamba

Naona stori imeshafika mpaka kwenye grupu la ukoo: eti nimelamba sarafu ya watu. Sikuilamba. Niliipigia chafya. Aliyesambaza alikuwa pembeni yangu, tena ndiye aliyenipeleka, kwa hiyo anajua.

Ni ile sarafu ya zamani ya Marekani ya dola moja, ya madini ya fedha, inayoitwa Morgan, ya 1892, yenye kiherufi O chini ya shada, yaani iligongwa New Orleans. Tulikuwa kwenye maonyesho ya sarafu hapa Columbus. Mzee mwenye meza anasema daraja lake ni 63. Kipimo cha ubora cha wakusanya sarafu kinaanzia 1 mpaka 70, na kuanzia 60 maana yake haijawahi kutumika madukani. Mimi, profesa wa YouTube, nikaona pa kushushia bei. Nikamwambia tazama nywele za huyu bibie aliyechorwa kwenye sarafu, juu ya sikio, zimelala kabisa, hii imechakaa.

Mzee akatabasamu. "New Orleans waligonga kivivu mwaka huo, nywele zilitoka zimelala tangu mwanzo. Ilaze chini ya taa uone."

Nikaishika kwa ukingo (hilo nalijua, msinifundishe), nikaichezesha. Mng'ao ukakimbia duara zima, ukapita juu ya zile nywele bila kukatika. Ingekuwa imechakaa, pale pangefifia. Mzee kashinda. Ila nikubali mbele ya yule mbeya? Nikageuza upande wa nyuma, wenye yule ndege tai, nikague manyoya ya kifua. Nikasogeza lenzi, na pua nayo nikasogeza.

Pua ikaanza kuwasha.

Jamani, chafya hupiga hodi. Niliibana, ikarudi. Nikatazama dari, ikapanda. Mzee akashtuka, akanyoosha mkono aichukue. Mkono wake uko katikati ya meza, mdomo wangu uko wazi, dola iko chini ya kidevu. Chyaaa! Nafungua macho, tai kaoga.

Mpaka hapo bado ilikuwa ya kusuuza tu, bila kugusa. Lakini mkono wangu huu, mkono wa mtoto aliyelelewa kufuta meza kabla mgeni hajakaa, ukavuta pindo la fulana ukafuta. Ukazungusha. Ukakandamiza kidogo, itakate. Kisha nikamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Samahani mzee. Hiyo hapo, safi."

Mzee hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliiweka chini ya taa, akanipa lenzi. Mikwaruzo myembamba, yote inazunguka upande mmoja, ule niliozungushia fulana.

"Ulisema imechakaa," akasema. "Haya, umeshinda. Sasa wanaopima daraja hata namba hawataipa, wataandika imesafishwa."

Nikalipa. Bei ya 63, ndiyo. Mbeya akacheka mpaka kwenye gari.

Mke wangu kaikuta mezani, kasoma nyuma: dola moja. Kaniangalia. "Na chenji iko wapi?"